Sitakujibu Until Sijafaulu

Barua hizi ni zangu na za shangazi yangu Yamkala, dada wa baba. Mimi nilikuwa chuoni Kathmandu. Yeye alifundisha watoto wa darasa la kwanza kijijini kwetu Amilekot, milimani juu ya Tansen. Tarehe ni za miezi ya kwetu: Kartik huanza katikati ya Oktoba, na Chait hufuata miezi mitano baadaye. Sentensi tulizoandikiana kwa Kiingereza nimezigeuza ili zisomeke, isipokuwa neno la kuunganisha. Hilo nimeliacha lilivyo, maana kisa chote kimo humo. Rewati.

*

Amilekot, 20 Kartik

Rewati mwanangu,

Hapa sote wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo halijawahi kuwa zima na halitaki tulisahau. Nawe huko naomba uwe salama, uwe unakula, na uwe umenunua shali ya kufunika masikio. Nyati wetu wa maziwa amezaa. Ndama ni jike, na baba yako anatembea kijijini utadhani kamzaa yeye. Machungwa ya juu ya kisima yameanza kupata rangi. Sikukuu ya Tihar ilipita vizuri. Mikate ya sel ilinyonya mafuta kupita kiasi, lakini haikubaki hata mmoja.

Sikukuu kubwa ya Dashain ndiyo iliyokuwa na pengo. Baba yako alikuwekea tika yako, wali wa baraka wa kupaka kwenye paji la uso, kwenye sahani ya shaba, akasema labda utaingia na basi la jioni. Ikakaa pale, wali ule mwekundu ukakauka ukawa kokoto. Aliimwaga mwenyewe chini ya mpapai. Mimi sikuulizi kwa nini hukuja. Tunajua sote kwamba kuna watu walitaka kuja kukutazama wakuposee kijana wao, na kwamba chai yao ilikwisha kunuiwa.

Sasa jambo lenyewe. Imetoka amri kwamba mwalimu asiye na cheti cha darasa la kumi ataondoka shuleni. Mtihani ni mwezi wa Chait. Kiingereza kimekwisha kuniangusha, unajua, na kila mara ni pale pale: wanakupa sentensi mbili, wanasema ziunge. Mimi naziunga kama mzigo wa nyasi, wao wananipa sifuri. Kitabu kinasema nitumie "adverb clause". Huyo ni mdudu gani?

Shuleni yupo mwalimu wa Kiingereza, mgeni kutoka Darjeeling. Lakini mjane akae na mwanamume juu ya kitabu kimoja? Unawajua watu wetu. Kabla hatujafungua ukurasa wa pili habari ingekuwa Tansen. Basi nifundishe wewe kwa barua. Ila kumbuka, barua zako baba yako huzisoma jikoni kwa sauti, kila neno, hata muhuri. Na zangu ni yeye anayebandika bahasha, wala habandiki kabla hajachungulia.

Shangazi yako,
Yamkala

*

Kathmandu, 6 Mangsir

Shangazi,

Naweka kichwa changu miguuni pako, na pa baba na mama. Shali nimenunua, ya kijivu. Chakula nakula, ingawa mboga kavu ya gundruk ya mama mwenye nyumba ina mchanga. Mpe mama pole ya goti.

Haya, mdudu wako. Kishazi ni sentensi ndogo iliyo ndani ya sentensi kubwa. Ina mtenda wake na kitenzi chake. Kishazi huru husimama peke yake: "Nyati amezaa." Umeridhika, unaweza kwenda zako. Kishazi tegemezi hakiwezi: "Tulipokuwa shambani." Ukiniambia hivyo ukanyamaza, nitakushika mkono nikuulize, ehe, ikawaje? Sasa kishazi tegemezi kinapojibu lini, wapi, kwa nini au kwa sharti gani, kinafanya kazi ya kielezi. Ndiye huyo mdudu. Utamjua kwa neno lililo mbele yake: when, because, if, although, unless, until. Kikianza sentensi, weka mkato baada yake. Kikija mwishoni, achana na mkato.

Usiniandikie mifano ya kitabuni. Andika unachokiona kwa macho yako. Baba hasomi Kiingereza, kwa hiyo akifika hapo atapumzisha koo. (Baba, samahani.)

Kuhusu lini nitakuja, ratiba ya chuo haijulikani.

Rewati wako

*

Amilekot, 25 Mangsir

Rewati mwanangu,

Sote wazima. Ndama amejifunza kula mikia ya mashati. Machungwa tumechuma nusu, nusu wamechuma nyani.

Barua yako ilisomwa. Penye "Baba, samahani" baba yako alikohoa, akasoma tena, akakohoa tena. Alipofika kwenye kishazi kisichoweza kusimama peke yake, nikasema, "Hicho ni mjane anayekaa kwa kaka yake." Nilitania tu. Baba yako akaishusha karatasi akanitazama. Mama yako akajifanya jiko linatoa moshi, na lilikuwa halitoi.

Zoezi langu ndilo hili:

Because njia ina matope, mwalimu mgeni hukunja suruali.
Although anachechemea, but hufika shuleni kabla ya kengele.
When anacheka, hufunika mdomo because jino moja la mbele halipo.
Huniachia chaki nzima, when wengine huniachia vipande.
Because ni mtu wa Darjeeling, hutia maziwa kwenye chai baadaye, na watoto humcheka.

Baba yako amechungulia hapa akasema ni kwato za mbuzi juu ya vumbi. Nisahihishe bila huruma.

Yamkala

*

Kathmandu, 14 Poush

Shangazi,

Nawainamia nyote. Huku baridi imetuingia mifupani, tunasoma tukiwa tumejifunika blanketi. Mimi mzima.

Umefanya vizuri kuliko wanafunzi wenzangu. Lakini kosa la sentensi ya pili ni la taifa zima: ingawa, halafu lakini. Kwetu tunaweka yote mawili na hakuna anayelalamika. Kiingereza kinataka moja. Ukisema although, umekwisha kulipa nauli. Ukitia na but, unalipia safari ile ile tena. Na kwenye sentensi ya nne ondoa mkato, kishazi kiko mwishoni.

Yafuatayo ni mazoezi ya kusoma. Baba, unaweza kumpa karatasi.

When mtu anajua idadi ya meno ya mwenzake, hakuwa anatazama meno.
If ana jina, niambie.
Sitamwambia mtu unless uniruhusu.

Rewati

*

Amilekot, 29 Poush

Rewati mwanangu,

Wazima sote. Theluji haijatufikia ila tunaiona kule juu, na maji ya kisima yanauma meno. Mama yako amemaliza kufuma soksi, moja ndefu kuliko mwenzake. Baba yako amelipenda neno unless. Juzi alimwambia nyati, "Unless utulie, leo hupati chumvi!" Anasema lina nguvu kuliko la kwetu. Jirani amelichukua, sasa ndilo anawatishia nalo watoto wake. Baba yako aliniuliza pia kama although huandikwa na herufi zote zile au Rewati anajaza karatasi.

Zoezi:

Jina lake Lokmani. (Hii haina kishazi. Inasimama peke yake, kama yeye tangu mkewe alipofariki.)
When tulikuwa tunafunga madirisha ya darasa, aliniuliza if ningekubali anioe.
Because nilitaka muda wa kufikiri, niliendelea kufunga madirisha.
Niliandika jibu kwa Kiingereza nikalitia kwenye sanduku la chaki, because mwalimu mkuu hulifungua sanduku hilo na Kiingereza chake kinaishia kwenye tarehe.
Nilimwandikia hivi: Sitakujibu until sijafaulu.
Since aliposoma, hapiti tena njia yetu. Akiniona uani anageukia choo cha walimu.

Rewati, nilimwomba angoje tu. Nilitaka nikimjibu niwe na cheti mkononi, niwe mtu aliyesimama. Je, mwanamume mzima hawezi kungoja mpaka Chait? Au watu wamekwisha kumwambia mjane ana mkosi? Niliolewa na miaka kumi na sita, nikafiwa kabla sijazoea jina la mume wangu. Safari hii nilikuwa nimemzoea mtu kwanza. Nina huzuni, mwanangu, na hapa jikoni nacheka na kila mtu.

(Aya hii yote ni Kiingereza. Makosa uyahesabu siku nyingine.)

Yamkala

*

Kathmandu, 11 Magh

Shangazi,

Salamu zangu ni fupi leo, mnisamehe wote, nawahi posta. Mimi mzima.

Somo la leo ni until peke yake. Sikiliza vizuri, na baba asome polepole. Tuseme mtu anataka kusema hatamkamua nyati kabla hajazaa. Kwetu ukanusho ule, "hajazaa", ni lazima uwepo. Basi anachukua Kiingereza anaandika: "Sitamkamua nyati until hajazaa." Anadhani amesema kitu kile kile. Hapana! Until maana yake ni mpaka, na ndani yake haitaki ukanusho. Mwingereza akisoma hapo anaelewa: "Sitamkamua mpaka ashindwe kuzaa." Sahihi ni kuondoa ukanusho: "until azae." Kosa hili ni letu, tumelitoa nyumbani. Wote tunalifanya.

Sasa mazoezi ya kusoma:

If mtu wa Darjeeling amefundishwa na masista tangu utoto, husoma kilichoandikwa.
Umemwambia utamjibu siku utakayoshindwa. Amesoma kwamba yeye ni wa kufutia machozi, kwamba ukifaulu humtaki.
Mwandikie upya before jua halijatua.

Pia ile if iliyofuata aliniuliza: hicho si kishazi cha kielezi, ni kishazi nomino. Lakini sina moyo wa kukukata alama.

Rewati

*

Amilekot, 22 Phagun

Rewati mwanangu,

Barua yako ya Magh imefika juzi. Mabasi yaligoma, halafu mlima ukaporomokea barabara, posta ikafa kabisa. Baba yako alishuka Tansen kwa miguu kuiulizia, akarudi mikono mitupu, akashuka tena. Nikamwambia, "Kaka, ni barua tu, itakuja." Akanijibu, "Mtihani ni wako, miguu ni yangu." Wakati wote huo mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Lokmani aliomba likizo akaenda kwao Darjeeling, na watu shuleni wakasema harudi.

Basi barua ikasomwa. Baba yako alilisoma somo la until polepole kama ulivyosema, akalirudia. Kisha akasema, "Lakini nyati wetu alizaa zamani. Rewati kasahau?" Nikamwambia ni mfano tu. Akasema, "Aa, mfano," akanipa karatasi, akatoka kwenda kutazama ndama.

Na wewe, mwalimu wangu! Umeandika "before jua halijatua". Nilicheka mpaka mama yako akaja kuangalia. Before nayo haitaki ukanusho. Imo kwenye kitabu chako mwenyewe ulichonitumia.

Sasa zoezi, refu:

When Lokmani alirudi, niliweka karatasi nyingine kwenye sanduku la chaki: Sitakujibu until nifaulu.
Alikuja kwenye kibaraza cha darasa langu although watoto walikuwepo, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu Yamkala, umenitesa majira yote ya baridi kwa neno dogo namna hii."
Nikamwambia, "Wewe lugha ya mama yako ni moja na yangu. Ulishindwaje kujua nilichotaka kusema?"
"Mimi nasahihisha madaftari. Nilisoma kama daftari."
"Daftari ukiona kosa si unamwita mwenye daftari?"
"Niliogopa kukuita," akasema, "because ungeweza kuniambia si kosa."
Akacheka, akafunika mdomo. Nikamwambia asifunike.

Nina furaha, Rewati. Nimeiandika hapa because hakuna mahali pengine pa kuiweka. Lakini baba yako ataniambia nini? Dada yake, mjane, aolewe tena, na mtu aliyetoka mbali? Bila neno lake sitoki nyumbani humu. Siwezi, wala sitaki.

Yamkala

*

Kathmandu, 6 Chait

Shangazi,

Nawainamia. Barua hii iwahi kukufikia kabla ya mtihani. Lala mapema, kunywa maziwa, chukua kalamu ya akiba. Ukisoma sentensi mbili za kuunga, jiulize: ipi inaweza kusimama peke yake? Nyingine iegemeze. Mkato kumbuka.

Zoezi la mwisho: Usimwambie baba until nije. Nitamwambia mimi, uso kwa uso. Mimi ndiye ninayejua kugombana naye.

Rewati

*

Amilekot, 27 Asar

Rewati mwanangu,

Wazima sote, tumelowa sote. Mvua haina adabu mwaka huu. Tumepanda mpunga mashamba yote mawili. Goti la mama yako linatabiri hali ya hewa kuliko redio.

Nimefaulu. Namba yangu ilikuwa kwenye gazeti, baba yako alilinunua Tansen akalileta kifuani chini ya shati lisilowe. Kazi yangu iko salama.

Uliniambia nisiseme until uje. Sikusema. Chait hukuja, Baisakh hukuja, na sasa Asar inaisha. Sikulaumu, najua unaogopa chai ya wale watu. Lakini nilikuwa na jibu la kumpa mtu, na mtu alikuwa amengoja vya kutosha.

Sasa nakueleza kwa lugha yetu, kwa kuwa hakuna tena wa kufichwa. Usiku ule wa matokeo tulikuwa tunakula. Baba yako akameza tonge, akauliza kwa upole kabisa, "Huyo wa Darjeeling, jino alilipotezea wapi?"

Nikadondosha bakuli la dengu. "Kaka! Umejuaje habari ya jino?"

"Nimesoma masomo ya binti yangu kwa sauti tangu Mangsir. Mlidhani masikio yangu yako kwa jirani?" Akachomoa chini ya godoro kamusi ndogo, kava limetoka. Aliinunua Tansen mwezi wa Poush, zile siku alipolipenda neno unless. Mama yako akasema, "Mimi nilijua. Alikuwa akiniuliza maana ya maneno usingizini, kana kwamba mimi ni shule."

Nikainama kuokota bakuli. Baba yako akasema, na sauti yake haikuwa ya kugomba, "Niliposoma ile until yako ya kwanza nilielewa kama Mwingereza. Nikadhani umemkataa. Nilifurahi, Yamkala. Nikasema, nyumba yangu haitasemwa. Halafu nikakuona unavyofagia ua, kila siku, pale pale palipokwisha kufagiliwa. Nikaionea haya furaha yangu. Barua ya Rewati ilipochelewa nikashuka kuitafuta, maana nilijua ndani yake mna sahihisho."

"Kaka, watu watasema."

"Waseme. Unless wanalisha nyati wangu, wasiniletee maneno."

Nililia ndani ya dengu, mwanangu, na chumvi ikawa nyingi. Asubuhi yake nilimjibu Lokmani kwa mdomo, si kwa karatasi, na mwalimu mkuu alikuwa anasikia. Mama yako ameteremka Tansen na goti lake hilo hilo akanunua kitambaa. Rangi yake siitaji hapa, lakini ni ile ya bibi harusi, ambayo sijaivaa tangu nifiwe. Harusi itakuwa Mangsir. Baba yako amesema ana jambo la kuongeza chini, na amenikataza nisimsaidie.

Yamkala

Rewati. Mimi baba yako. Hakuna mtu anayekuja kukutazama. Nimewaambia wasije. Chai yao nimeinywa mwenyewe. Sasa Kiingereza changu:

Yamkala hataolewa until Rewati hajafika nyumbani.

*

Kathmandu, 12 Saun

Baba, Mama, Shangazi,

Naweka kichwa changu miguuni penu wote. Mimi mzima. Barua yenu niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, na watu walinipita wakidhani nimefiwa. Waambieni majirani nimelia kwa furaha, waongeze na hilo kwenye maneno yao.

Shangazi, ulifaulu kwa nguvu zako, mimi nilitia mikato tu. Mwambie mwalimu Lokmani kwamba nitampima Kiingereza chake nikifika.

Baba, sentensi yako nimeionyesha wenzangu chuoni. Wote walicheka, kisha mmoja wao, wa kutoka Gulmi, akaomba kuisoma tena. Nimeishika kalamu nyekundu nikaiweka chini. Siisahihishi. Imesimama vizuri hivyo hivyo.

Chuo kinafunga kabla ya Dashain, na tiketi ya basi nimekwisha kukata. Wekeni ile sahani ya shaba tayari. Lakini wali wa tika msiuchanganye until sijafika.

Rewati wenu